Fungu la Mlembe

Zefania alikuwa na pengo la meno mawili ya juu, na chanzo cha pengo hilo kilitegemea umemkuta kwenye arusi ya nani. Kwenye arusi ya Wakristo, punda alimpiga teke akitoka kanisani. Kwenye arusi ya Waislamu punda alikuwa yule yule, ila teke lilimkuta akielekea kilabuni, na punda alikuwa na haki zote. Kwenye mikutano ya hadhara, meno yalichukuliwa na wakoloni wakati wanafungasha mizigo, na mpaka leo hawajayarudisha. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mkewe Elina, aliyejua kwamba mumewe aliteleza kwenye kihenge akichota karanga za mbegu kwa siri, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Asubuhi ile ya Septemba, mwaka wa sabini na nne, hapakuwa na kitu cha kushtua hata kuku. Elina alikuwa anakoroga uji wa uwele kwa mkono mmoja, mwingine ameshika kiuno. Mimba ya miezi minne, baada ya miaka sita ya kuulizwa na mawifi habari za tumbo. Wenzake wakiwa na mimba hutafuna udongo wa kichuguu au ukwaju. Yeye alitaka asali. Alfajiri asali, mchana asali. Zefania alishawatangazia majirani kwamba mtoto atazaliwa na mabawa, wakae tayari kufunika vyungu.

Mgeni wao wa siku hiyo alikuwa Ndugu Kefa, mpimaji, aliyefika na lori la kutoka Iguguno. Nyumba zilizotawanyika vilimani zilitakiwa kukusanywa ziwe kijiji kimoja, na yeye ndiye aliyetumwa kuchagua mahali. Alitaka kuiona mbuga, ile inayoshuka kaskazini kuelekea Mto Sibiti. Zefania, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa na hesabu yake moyoni. Elina alikuwa anatembea saa mbili kufuata maji, na tumbo linakua. Mpimaji akioneshwa maji mazuri chini ya vilima, kijiji kitakaa hapo. Akiachwa peke yake, atachora popote kalamu itakapochokea.

Lakini mbuga ile haikuwa na mwenyeji ila mmoja, naye ni Alute, kaka yake Elina, mrina asali. Na Alute alikuwa hajaikanyaga kwa miaka kumi na minane. Alirina upande wa vilima tu, tangu baba yao, Mzee Andrea, alipomfuata mlembe mbugani siku moja saa nne asubuhi na asirudi. Mlembe ni yule ndege mdogo anayemwita mtu na kumwongoza mpaka kwenye nyuki. Zefania alimbembeleza shemeji yake siku mbili. Alimtania, akamwita mjane wa mbuga, akamwigiza anavyotembea kwa kunyata kama paka aliyeiba dagaa. Mwisho Alute akacheka, na mtu akishacheka huwa amekubali.

Alimuaga dada yake kwa ahadi yao ya zamani. Tangu Elina aolewe, kila msimu Alute alipita alfajiri na kuacha kipande cha sega kwenye jiwe la mlangoni. Alikiuma kwanza pembeni, kuhakikisha hakuna nyuki ndani atakayemchoma dada mdomoni. Elina akiona sega lililoumwa alijua ni la kaka, hakuuliza.

Walipokuwa wanaondoka Elina alimvuta mumewe kando. "Umemtoa kwa mdomo wako," alisema. "Mrudishe kwa miguu yake."

Zefania akajibu kwamba atamrudisha na miguu ya akiba.

Kutoka kilima cha mwisho mbuga ilifunguka kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Majani ya manjano mpaka macho yanachoka. Udongo mweusi uliopasuka, mguu ukizama kwenye ufa mpaka kifundoni. Migunga mmoja huku, mmoja kule, kama watu waliogombana. Mbuni alipita mbio mfano wa mwanamke aliyekumbuka chungu motoni. Nyumbu walisimama wameinamisha nyuso, na Zefania akamtambulishia mpimaji kuwa hiyo ni kamati ya mazishi, inasubiri mwenyekiti. Mbali kabisa, juu ya maji ya magadi, ndege heroe walikuwa mstari mwekundu mwembamba. Joto lilipopanda, pundamilia walionekana wanaelea, hawana miguu.

Kefa alicheka njia nzima. Alute hakucheka.

Ndipo walipokuta njia. Ilikuwa nyembamba, upana wa wayo mmoja, imekanyagwa mpaka inang'aa. Haikuwa na kinyesi cha mnyama. Ilianzia katikati ya majani na kuelekea katikati ya majani.

Kefa aliuliza ni njia ya nani. Alute alitazama pembeni, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ni ya watu wa safu. Mlembe na mtu wana mapatano, ya zamani kuliko serikali zote. Ndege anaonyesha, mtu anakata, na sega moja la majana, lile lenye watoto wa nyuki, linabaki juu ya kisiki kuwa fungu la ndege. Ukimdhulumu fungu lake, usimwitikie tena. Maana ukimwitikia umekubali kuongozwa, na safari hiyo hakupeleki kwenye asali. Anakuongoza tu. Wenzako wako mbele, unaingia nyuma yao, unakanyaga walipokanyaga. Na aliyeitikia akikataa kufuata, ndege huja kwake na kuita juu ya paa, mpaka mmoja wa waliomo ndani atoke.

Zefania alitaka kuuliza habari za Mzee Andrea. Aliutazama uso wa shemeji yake, akauliza habari za maji.

Maji yalikuwepo. Dimbwi zuri chini ya mgunga mkubwa, hatua mia tatu kutoka njia ile. Kefa alifurahi, akatoa karatasi. Na jua lilipokuwa utosini, mlembe akaja.

Ndege wa kijivu, mdogo, ambaye ungeona uvivu kumtupia jiwe. Sauti yake kama mtu anayetikisa kiberiti sikioni mwako. Alute alisita sana. Kisha labda alimkumbuka dada yake na kiu yake ya asali. Akatoa filimbi ya pembe ya paa, akaitikia. Ndege aliruka mti kwa mti, nao nyuma, mpaka kwenye mgunga wenye tundu. Alute akawasha kienge, moshi ukaingia, shoka likafanya kazi. Asali ilitoka nyeusi, nzito. Mpimaji alisahau cheo chake, akala mpaka viwiko vinang'aa.

Alute alichagua sega la majana, jeupe, ukubwa wa kiganja, akaliweka juu ya kisiki. Kisha akageuka kujaza asali ya Elina kwenye kilindo, ndoo yake ya gome la mti.

Zefania akapanda kichuguu. Akainua kidole.

"Ndugu ndege," alianza, kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Kijiji kimepokea malalamiko juu yako. Shoka hukushika. Kienge hukuwasha. Nyuki hata mmoja hajakuuma. Na bado unadai fungu? Huo ndio ukupe, ndugu. Nchi hii inajenga ujamaa."

Kefa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Na mchekeshaji akishapata kicheko, hasikii tena mlango ukifungwa nyuma yake. Zefania alishuka, akalichukua lile sega kutoka kwenye kisiki, akaliuma. Lile pengo lake liliacha kilima kidogo cha nta katikati ya alama za meno. Akamwonyesha mpimaji. Hii hapa sahihi yangu, alisema, kumbukumbu za mkutano zimethibitishwa. Kisha akalila lote. Akalamba vidole.

Alute aligeuka. Akakitazama kisiki kitupu. Akaanza kukusanya vitu vyake, haraka.

Ndege akaita tena.

Zefania alikuwa bado na kicheko kooni. Filimbi ilikuwa inaning'inia begani kwa Alute. Akaidaka, akaipuliza mara tatu, na kiuno akakikata.

Ndege akanyamaza. Nyuki wakanyamaza. Kulikuwa na upepo, nao ukaacha.

"Umemwitikia," Alute alinong'ona.

"Nimetania, shemeji."

"Yeye hatanii."

Zefania alisema basi, na atakwenda yeye. Aliyekula ni yeye, aliyepuliza ni yeye. Alisema hivyo akitafuta kutabasamu, na midomo ikakataa.

"Hakujui," alisema Alute. "Anaijua filimbi. Ni pembe ya paa wangu wa kwanza, nimeichonga mwenyewe. Leo miaka ishirini anaisikia." Aliichukua taratibu kutoka mkononi mwa Zefania. "Nisipokwenda, ataita juu ya paa. Mimi sina nyumba yenye mtu. Damu yangu iliyobaki ni Elina. Unaelewa?"

Alimpa kilindo cha asali. Akaweka shoka begani. Akatembea.

Alitembea mwendo wa kawaida, mwendo wa mtu anayekwenda shamba. Zefania aliweka kilindo chini, akamfuata mbio. Alikimbia. Alute alitembea. Nafasi kati yao haikupungua. Aliita. Alute hakugeuka. Mgongo wake ukaifikia ile njia nyembamba, ukaingia kwenye majani, majani hayakutikisika.

Njia ilikatiza tope la kijito kilichotoka dimbwini. Hapo Zefania alisimama.

Nyayo za Alute zilikuwepo. Mbili, nne, sita. Mbele yake zilikuwepo nyingine. Mguu wa kulia kamili. Mguu wa kushoto mfuo mrefu, kama wa mtu anayeuburuta. Mzee Andrea alikatwa mshipa na mtego wa waya, zamani, kabla Zefania hajamchumbia binti yake. Alikuwa akiuburuta mguu wa kushoto.

Nyayo zilikuwa mbichi. Maji yalikuwa bado yanajaa ndani yake.

Hapakuwa na hata moja inayorudi.

Aliinua macho. Mbali, ndani ya joto linalotetemeka, watu walikuwa wanapita. Hawakuwa na miguu. Mmoja nyuma ya mwingine. Mashoka begani. Wa mwisho alikuwa na shati la kaki la Alute. Anayemtangulia alikuwa anainama kushoto kila hatua.

Safu ikasimama.

Hakuna aliyegeuka. Walisimama tu, kama watu wanaomsubiri mwenzao anayefunga kamba ya kiatu. Kisha wakaendelea.

Mpimaji, aliyekuwa juu ya kichuguu, alisema baadaye kwamba hakumwona mtu ila Zefania, akiongea na majani.

Walimtafuta Alute siku mbili, mgambo na mikuki na bunduki moja. Mwishoni Kefa aliandika kwamba ameliwa na simba. Zefania alitia kidole gumba. Alirudi nyumbani na kilindo, akakikuta kivuli cha Elina mlangoni kabla ya Elina mwenyewe.

"Miguu yake iko wapi?" aliuliza mkewe.

"Simba," alisema Zefania.

Elina alikaa chini, palepale kwenye jiwe. Alisubiri aambiwe zaidi. Pengo la meno lilikuwa na hadithi nyingi, lakini hii, miezi yote iliyofuata, aliyoieleza kwa mawifi, kwa mwinjilisti, kwa mkewe usiku na mchana, ilibaki na neno moja.

Desemba malori yakaja. Mapaa ya nyumba za vilimani yaling'olewa ili mtu asitamani kurudi. Na kijiji kipya kilikuwa wapi? Kilikuwa mbugani, kwenye lile dimbwi zuri, hatua mia tatu kutoka njia nyembamba. Kefa alikuwa amekipima siku ile ile, karatasi yake ina alama za vidole vya asali. Wakakiita Tumaini. Zefania alikwenda kupinga, akaulizwa sababu. Watu walisubiri mzaha. Haukutoka.

Elina alipakia vyungu, kuku watatu, na lile jiwe la mlangoni. Dereva alilalamika. Elina akamwambia kwamba yeye ahamishe watu kama alivyoagizwa, jiwe amwachie mwenyewe, maana kaka yake alizoea kuliwekea kitu.

Januari mvua zilikuwa zimeshika. Mwezi huo hakuna mzinga wenye asali, mtoto yeyote wa huko anajua. Asubuhi moja, jua limeshapanda kidogo, Zefania alirudi kutoka kufungua mbuzi akamkuta mkewe ameketi mlangoni, tumbo la miezi minane mapajani, anatafuna. Alikuwa anatabasamu. Tangu Septemba hakuwa ametabasamu.

"Kaka yuko hai," alisema. "Kaleta."

Alimnyooshea kipande cha sega. Jeupe, la majana, ukubwa wa kiganja. Pembeni palikuwa na alama ya meno ya Elina, mpya, bado ina mate. Upande wa pili palikuwa na alama nyingine.

Katikati yake kilisimama kilima kidogo cha nta.

Zefania alipitisha ulimi kwenye pengo lake. Alilijua sega lile. Alikuwa amelila lote. Alikuwa amelamba vidole.

Ndipo alipoongea. Aliongea bila kusimama, habari za kisiki, za hotuba, za filimbi, za miguu inayoburuta kwenye tope. Elina alisikiliza. Aliacha kutafuna, lakini alikuwa ameshameza.

"Mimi ni binti wa mrina," alisema mwishoni. "Ungeniambia fungu la ndege limeliwa, nisingegusa kitu kilichowekwa juu ya jiwe. Ulikuwa na miezi minne ya kuniambia. Sasa nimelila mimi, na deni ni langu."

Juu ya paa, mtu alitikisa kiberiti.

Zefania alimwekea mkono mdomoni mkewe. Elina aliutoa taratibu, kama anavyoutoa mtu mkono wa mtoto. Kutoka mbugani filimbi ikapigwa. Elina aliijua, ilikuwa ya kaka yake, ameisikia tangu utotoni. Macho yake yakajaa. Akakunja midomo, akaitikia kwa mluzi.

Hakulia. Alisema tu kwamba asipotoka yeye, ndege ataendelea paa kwa paa, na jirani yao Dorkas ana watoto watano. Akajifunga kanga chini ya tumbo. Zefania alimshika kiunoni kwa mikono miwili. Dorkas, aliyekuwa anafagia uwanja wake, anasema alimwona Zefania amekumbatia hewa, ameinama, na Elina tayari yuko mbali kwenye majani, mwendo wa kwenda shamba.

Zefania alimfuata. Alitembea kutwa nzima nyuma ya kanga ile, na jua lilipotua alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kesho yake akaenda tena. Akafika tena mlangoni kwake. Alikwenda mpaka nyayo zake zikachimba njia ya kwake, upana wa wayo mmoja, inayotoka nyumbani na kurudi nyumbani. Ndege hakuwa na kesi na yeye.

Januari iliyofuata, sega lilikuwa juu ya jiwe. Alama ya Zefania. Alama ya Elina. Na ya tatu, chini kabisa, mikwaruzo miwili midogo, kama ya kitu kilichoota meno mawili tu.

Kila Januari lilikuja. Siafu hawakuligusa. Alama ya tatu ilikua: meno manne, kisha manane, kisha kinywa kizima kidogo. Zefania alilionyesha kwa Dorkas, yeye peke yake. Hakuwa anachekesha tena, na vijana waliozaliwa Tumaini hawakujua kwamba aliwahi.

Mwaka wa themanini na mbili Dorkas alimkuta ameketi mlangoni, sega kiganjani, analipima kwa kidole. Hakumsalimu. Alimpa alione.

Zile alama mbili kubwa zilikuwa zile zile. Ya tatu ilikuwa imebadilika. Juu, katikati, pale meno yanapotangulia kung'oka kwa mtoto wa umri huo, kilisimama kilima kidogo cha nta. Upana wa meno mawili. Kama cha baba yake.

Na mbugani filimbi ilikuwa inapigwa, ikikatika, ikianza upya, kama mtu anayefundishwa.